Popo Mbili Zavuka Mto

Babu mzaa mama aliletwa Dar es Salaam kutoka Rufiji mwezi wa Julai 1999, macho yake yote mawili yamezibwa na mtoto wa jicho. Alifikia kwetu Upanga. Jumapili, mkesha wa upasuaji, alikataa katakata kushinda ndani.

"Mke wangu," aliniita, maana ndivyo babu zetu wa pwani wanavyowaita wajukuu wa kike, "nipeleke kwenye maji."

Nilikuwa na miaka kumi. Maji ya karibu niliyoyajua ni ya Daraja la Selander, pale mto Msimbazi unapoingia baharini. Nikamshika mkono, tukashuka taratibu kwa miguu, daladala za Mwenge zikitupigia honi. Bahari ilikuwa imekupwa. Tope la mikoko lilinuka, na babu akavuta pumzi ndefu, akasema hiyo ndiyo harufu ya nyumbani.

Tukaegemea ukingo. Adhana ya magharibi ilikuwa haijaisha nilipomwona popo wa kwanza, kisha wa pili, kisha nikapotelewa na hesabu. Walikuwa wale wakubwa, wala matunda, wakitoka kwenye miti ya mjini nyuma yetu na kuvuka maji kuelekea Oysterbay. Hawakupapatika kama wale wadogo wa darini. Walipiga mabawa polepole, kama mtu apigaye kasia. Mmoja alipita chini kabisa, karibu na taa ya barabarani, mwanga ukapenya kwenye ngozi ya bawa nikaiona mifupa yake: vidole virefu, vyembamba, vimetanuliwa. Shingoni alikuwa na manyoya ya manjano.

"Nieleze," babu akasema. Nikaeleza mpaka sauti ikanikauka. Kila nikinyamaza alinibana mkono kidogo, niendelee. Naye akanihadithia jinsi walivyokuwa wakidamka utotoni kuokota korosho chini ya miti wanakolala popo, kwa kuwa popo akibeba bibo hula bibo lenyewe, korosho huiangusha.

Giza lilipokolea akasema, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Popo mbili zavuka mto."

Jibu nilikuwa nalijua tangu chekechea, lakini siku ile lilinikwama kooni. Nilitazama uso wake umeinuliwa juu, macho meupe kama maziwa yaliyochanganywa na maji. Angeweza kusema nimpe mji, nasi tukacheka. Hakusema. Alisubiri.

"Macho," nikajibu.

"Macho," akaitikia, na tukarudi nyumbani.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba popo wadogo wanaokula wadudu huongozwa na mwangwi wa sauti zao, lakini wale wakubwa tuliowaona hutegemea macho na pua. Niliposoma hivyo nilikifunga kitabu, nikakaa kimya muda mrefu. Natamani ningemwambia babu.

Alfajiri ya Jumatatu, tukingoja teksi, babu alikanyaga kitu barazani. Nikamwokotea: kungu, limetafunwa pande zote, bado lina unyevu. Akalipitisha kidole gumba polepole, akifuata mikwaruzo ya meno mmoja mmoja.

"Wamepita hapa," akasema. Akalitia kwenye mfuko wa koti, tukaondoka nalo kwenda hospitali.