Matuta ya sungura ya Uingereza, yakisomwa kutoka Tanga

Hapa Tanga sungura wa kufugwa hukaa kwenye banda la mbao lililoinuliwa juu ya miguu minne, sakafu yake ikiachiwa mianya ili kinyesi kidondoke, na mfugaji huwaletea majani asubuhi na jioni. Uingereza ya Zama za Kati ilifuata njia nyingine kabisa. Sungura waliachwa ardhini, wakajengewa matuta ya udongo ili wachimbe mashimo yao humo, wakazungushiwa kingo ndefu na kuwekewa mlinzi wa kudumu. Nimekuwa nikisoma habari za mashamba hayo kwa muda mrefu, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyoamini kwamba matuta yale yanastahili heshima ileile tunayoipa minara na makaburi ya mawe.

Sungura huyu si mwenyeji wa Uingereza. Asili yake ni rasi ya Iberia pamoja na kusini mwa Ufaransa, na hao tunaowafuga mabandani leo ni wa ukoo huohuo. Yule wa porini kwetu, anayekurupuka kwenye nyasi ukipita shambani, ni mnyama mwingine: hachimbi shimo, bali hulala kwenye kibonde kidogo juu ya ardhi na kuzaa watoto ambao tayari wana manyoya na macho yaliyofumbuka. Ufugaji wa sungura nchini Uingereza ulishika mizizi baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, na kumbukumbu za mwanzo, za karne ya 12, zinahusu zaidi visiwa, kama vile Scilly, ambako sungura wametajwa mwaka 1176, na Lundy baadaye kidogo. Kisiwa kilifaa kwa sababu sungura hawakuweza kutoroka, na mbweha hawakuwapo wa kuwamaliza.

Nyama yao ilikuwa ya wakubwa. Katika karne ya 13 sungura mmoja aliuzwa kwa mara kadhaa ya bei ya kuku, na ngozi yake ilitumika kutia bitana nguo za baridi. Bwana mwenye ardhi alihitaji hati ya mfalme iliyompa haki ya kuwinda wanyama wadogo katika eneo lake, na aliyekuwa na hati hiyo aliweza kumshtaki mkulima aliyekamata sungura, hata kama sungura huyo alikuwa ametoka kula mazao ya mkulima mwenyewe. Kwangu hapa ndipo lilipo shina la ugomvi wote uliofuata.

Tuta lenyewe ni kitu cha kutazamwa kwa makini. Kwa kawaida lina umbo la mstatili, urefu wa mita kumi hadi arobaini hivi, upana wa mita chache, na kimo kisichofika kiunoni mwa mtu mzima. Juu ni bapa, na kandokando yake umechimbwa mtaro mwembamba ambao ndio uliotoa udongo wa kulijengea na ndio uliopitisha maji ya mvua, kwa maana sungura hawezi kuzaa katika shimo lenye unyevu. Udongo uliochimbuliwa na kurundikwa ni laini kuliko ardhi iliyoshikana, kwa hiyo mnyama mgeni katika nchi ya baridi alirahisishiwa kazi ya kuchimba. Mengine yaliyofukuliwa yamekutwa na njia zilizotayarishwa na binadamu chini ya tuta, ili sungura waanze maisha mahali palipokwisha kufunguliwa. Mkulima wa viazi vitamu angelitambua umbo lile mara moja, isipokuwa ukubwa wake.

Mahali pa kuyaona maisha ya mlinzi ni Thetford, katika kaunti ya Norfolk, ambako nyumba yake bado imesimama. Ilijengwa yapata mwaka 1400, inaaminika kwa amri ya mkuu wa watawa wa Thetford, kwa mawe ya gumegume, na kuta za chini zina unene wa karibu mita moja. Madirisha ya chini ni nyufa nyembamba tu, na juu ya mlango kuna tundu ambalo kupitia kwake aliye ndani angeweza kumshambulia anayejaribu kuingia. Ghorofa ya chini ilikuwa ghala la nyavu, mitego na sungura waliokwisha kuchinjwa, na mlinzi mwenyewe aliishi juu, akiona mbali kwenye uwanda. Ngome ndogo namna hii kwa ajili ya sungura inaweza kumshangaza msomaji, lakini majangili walikuja usiku kwa makundi, wakiwa na silaha na mbwa, na mali iliyokuwa mashimoni ilikuwa kubwa.

Uvunaji ulifanywa zaidi majira ya baridi, manyoya yanapokuwa mazito. Midomo ya mashimo ilifunikwa kwa nyavu, kisha akaingizwa fereti, mnyama mwembamba wa jamaa ya kicheche aliyefugwa kwa kazi hiyo, naye akawatimua sungura hadi wakajitupa wavuni. Katika kitabu cha zaburi kinachoitwa Queen Mary Psalter, kilichochorwa mwanzoni mwa karne ya 14, wanaofanya kazi hiyo ni wanawake, na fereti anaonekana akiingia shimoni huku wavu ukingoja upande wa pili. Naipenda picha hiyo kwa sababu inawatoa watendaji kwenye giza ambamo hati za mabwana zimewaacha.

Mwaka 1381, wakulima wa Uingereza walipoasi, watu wa mji wa St Albans na vijiji vyake waliingia katika ardhi iliyohifadhiwa ya watawa, wakakamata sungura akiwa hai, wakamfunga kwenye mti wa adhabu mjini, pale ambapo wakosaji hufungwa hadharani, kama ishara kwamba haki ya kuwinda sasa ni yao. Uasi ulizimwa na haki hiyo ikarudi kwa watawa, lakini sijakutana na ushahidi mwingine unaoeleza waziwazi hivyo uchungu ambao mnyama mdogo aliweza kuubeba.

Tauni kuu ya 1348 na 1349 ilikuwa imekwisha kubadilisha hesabu. Watu wa kulima walipungua, ujira ukapanda, na waliosalia wakawa na uwezo wa kula nyama zaidi, kwa hiyo ardhi ya kichanga isiyofaa kwa nafaka, kama ile ya Breckland kati ya Norfolk na Suffolk, ikaleta faida kwa kazi ya watu wachache. Gharama yake ilionekana baadaye. Sungura hula nyasi hadi mizizini na kuchimbua udongo, na katika karne ya 17 upepo ulibeba mchanga kutoka Lakenheath, penye shamba kubwa la sungura, ukasafiri kilomita kadhaa hadi kijiji cha Santon Downham, ukazika nyumba na kuuziba mto Little Ouse. Mkazi mmoja, Thomas Wright, aliiandikia Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London, habari hiyo mwaka 1668. Upepo na wepesi wa ardhi ile vilikuwa sababu kubwa, lakini siwezi kuwatoa sungura katika hesabu hiyo.

Waakiolojia wa zamani waliyafukua baadhi ya matuta wakidhani ni makaburi ya kale, wakakuta udongo mtupu. Ninawaelewa, kwa sababu nasi tuna mwelekeo huohuo wa kutafuta wafu na mawe. Tongoni, kusini mwa mji wetu, mgeni huonyeshwa msikiti wa kale na makaburi yapatayo arobaini, mengine yakiwa na nguzo, na hiyo ni haki yake. Lakini watu wengi wa miji ya kale ya Waswahili waliishi katika nyumba za miti na udongo. Ufukuaji wa Shanga, katika funguvisiwa la Lamu, ulionyesha alama za misikiti ya miti iliyotangulia ule wa mawe, ya mwanzo ikiwa ya karne ya 8. Alama hizo zilikuwa mashimo ya nguzo tu, rangi tofauti kidogo kwenye mchanga, na mfukuaji mwenye haraka angezipita.

Sungura wenyewe huongeza ugumu. Kwa kuwa huchimba, mfupa wa mnyama aliyekufa jana unaweza kukutwa katika tabaka la miaka elfu moja iliyopita, na ndiyo maana mfupa hupimwa wenyewe badala ya kupewa umri wa udongo unaouzunguka. Kipande cha mfupa wa mguu chenye urefu wa sentimita nne, kilichofukuliwa mwaka 1964 katika kasri la Kirumi la Fishbourne, kusini mwa Uingereza, kilikaa katika sanduku hadi mwaka 2017 kilipotambuliwa kuwa cha sungura, na vipimo vikaonyesha ni cha karne ya 1. Kwa hiyo Warumi walimfikisha mapema, pengine kama mnyama wa kufurahisha macho, kwa kuwa mfupa ule hauna alama za kuchinjwa.

Matuta nayo hayatoi umri wake kwa kutazamwa, kwa sababu yaliendelea kujengwa kwa karne nyingi baada ya Zama za Kati, na yale ya mashamba ya Dartmoor, nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uingereza, kama Ditsworthy, yana rika tofauti. Anayetaka kujua umri wa tuta moja hulazimika kulinganisha umbo lake, hati za ardhi, na kile kilichomo chini yake, na mara nyingi ni hati ya kukodisha shamba, yenye idadi ya sungura ambao mpangaji alipaswa kumpelekea bwana kila mwaka, inayotoa jibu.