Filamu, kahawa na sufuria ya mama

Chumba changu hapa Tandika kinanuka. Si harufu ya kahawa, ingawa kahawa imo. Chukua kahawa ya juzi, imwagie maji ya kufulia, ifunikie kwenye ndoo mpaka kesho, halafu ufunue: ndiyo hiyo. Mama anapita mlangoni kaziba pua na ncha ya khanga.

Chanzo ni Zenit-E ya marehemu mjomba, kamera ya Kirusi, chuma kitupu. Ukiivaa shingoni kutwa, jioni unatembea umeinama kama umeangusha shilingi. Haina betri. Kipimamwanga chake kilishakufa, kwa hiyo naenda kwa makadirio: filamu ya 400 (namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga), jua la saa saba, naweka kasi ya 1/500 ya sekunde na tundu la f/16, kivulini nalifungua zaidi mpaka f/4. Lenzi yake, Helios, ina pete mbili za tundu la mwanga. Ya kwanza unachagulia namba, ya pili ndiyo inayoliziba tundu lenyewe. Ile ya pili niliisahau kwa picha nane nzima.

Mtaani bado tunasema "kusafisha picha", hata kwa picha inayotoka kwenye simu. Ila ukitafuta wa kusafisha filamu kweli, yaani kuitia dawa mpaka picha zitokee, utazunguka. Kijana wa studio moja alikipokea kikopo changu cha filamu, akakigeuzageuza, akaniuliza kama ni betri. Nikaamua nisafishe mwenyewe.

Dawa za dukani zinaagizwa mbali na bei yake inaumiza, lakini kuna njia ya jikoni. Mwaka 1995 huko Marekani, Scott Williams, mwalimu katika chuo cha Rochester, alionyesha pamoja na wanafunzi wake kwamba kahawa ya unga inayoyeyuka ikichanganywa na magadi ya kufulia inasafisha filamu. Kinachofanya kazi si kafeini, ni asidi iliyomo humo kwenye kahawa. Baadaye watu wakaongeza vitamini C, ikawa na nguvu zaidi. Kipimo ninachotumia kwa lita moja ni gramu 54 za magadi makavu, 16 za vitamini C na 40 za kahawa, dakika 15 kwenye nyuzi 20. Tangi langu, kile chombo kisichopenya mwanga ninachosafishia, linachukua mililita 300 kwa filamu moja, kwa hiyo kahawa ni gramu 12 tu. Natumia Africafe, ya Bukoba. Ikibaki naongeza maziwa.

Kiungo nisichoweza kukipika ni fiksa, ile dawa inayoondoa fedha isiyotumika ili filamu isiendelee kuungua na mwanga. Hiyo aliniletea rafiki kutoka Nairobi, chupa moja, naitunza kama asali ya nyuki wadogo.

Kazi ya kwanza ni kuivingirisha filamu gizani kwenye rili, gurudumu linaloishikilia ndani ya tangi. Nilisubiri umeme ukatike, maana ndipo Tandika inapata giza la kweli, nikaingia chini ya mablanketi mawili. Dar, Februari, mablanketi mawili. Jasho likatiririka mpaka vidoleni, na filamu ikishalowa haitelezi kwenye rili ya plastiki, inang'ang'ania. Nilihangaika karibu nusu saa. Siku hizi navingirisha alfajiri, baada ya kuoga, mikono nimeipaka poda kidogo kisha nikaifuta.

Filamu ya kwanza ilitoka kama plastiki ya kufunikia daftari. Nilidhani kamera imekufa. Kumbe jibu liko pembeni mwa filamu, kwenye namba ndogo zinazowekwa kiwandani. Namba zikiwa nyeusi na picha hazipo, kosa ni la mpigaji au kamera. Za kwangu zilikuwa zimefifia nazo, maana yake dawa ndiyo dhaifu.

Kosa lilikuwa magadi. Nilinunua yale ya kulainishia maharage na makande, na hayo hayajawa soda kamili ya kufulia: ndani yake mna bikaboneti na maji, ambavyo vinapunguza ukali. Ukiyakaanga kwenye moto mkali, maji na gesi vinatoka, inabaki soda yenyewe. Nikayakaanga. Yakawa unga mweupe, nikafurahi, nikamimina maji humo humo ili niyayeyushe.

Sufuria ilikuwa ya aluminiamu. Ya mama. Ya pilau.

Soda na aluminiamu haviivi chungu kimoja. Niliporudi kuiangalia, ndani ilikuwa nyeusi ti, kama imepakwa masizi. Mama hakupiga kelele, na hiyo ndiyo ilinitisha. Aliinyanyua tu, akaigeuzia upande wangu nione vizuri alichokiona yeye. Kamera ilikuwa mezani ina filamu mpya. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikampiga picha vilevile alivyosimama.

Jirani yetu anayetengeneza sabuni ya maji alisikia mkasa akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, si ungeniuliza? Soda ashi ninayo gunia zima." Ndiyo hiyo hiyo niliyokuwa naitafuta, imekauka tayari. Akanipimia nusu kilo, hela akakataa.

Tatizo lililobaki lilikuwa joto. Maji ya bomba mchana ni nyuzi 30. Nilijaribu kupima kwa kipimajoto cha homa, kikaandika "Lo". Kwake chini ya nyuzi 32 mgonjwa hayupo. Nikapata cha jikoni. Sasa nanunua barafu mbili za mfuko kwa dada wa jirani, nazitupa kwenye beseni, tangi linakaa katikati linapoa. Kuosha mwishoni hakuhitaji bomba, jambo la heri kwa sisi tunaoishi na madumu: unajaza tangi, unaligeuza mara 5, unamwaga; unajaza tena, mara 10; halafu mara 20. Basi.

Filamu ya pili niliitoa nikaitundika bafuni kwa vibanio vya nguo. Namba za pembeni nyeusi. Picha zipo, za ajabu ajabu nyingine, ila zipo. Niliikata asubuhi, nikampelekea mama kipande chake, nikakinyanyua dirishani. Kwenye negativu cheusi huwa cheupe, kwa hiyo uso wake na ukuta vilitoka giza, na ndani ya sufuria kukawa kunang'aa kama imetoka dukani.

Akaitazama kwa muda.

"Hii usiigeuze," akasema. "Niachie hivi hivi."