Majaketi ya Karume

Agosti 2014 tuliondoka Ubungo na basi la alfajiri, vijana kumi na mmoja na viroba saba vya majaketi. Tuliyachagua wenyewe Karume, siku nzima ya jua, tukivutana bei na wauza mitumba. Hela tulichangisha kwa kadi, kama za harusi, kuanzia Magomeni mpaka Kinondoni. Kadi ilisema tunakwenda "kuwasitiri ndugu zetu wa mlimani na baridi." Maneno hayo niliyatunga mimi. Mpaka leo nikiyakumbuka naona haya.

Konda alitutoza mizigo. Tukalala Moshi, kesho yake Noah ikatupandisha Marangu hadi ilipogoma, tukamalizia kwa miguu katikati ya migomba, viroba kichwani. Kijiji kiko juu kabisa, kimepakana na msitu wa hifadhi. Mtoto wa kwanza tuliyekutana naye alinisalimia kwa Kiingereza, akanyoosha mkono kuomba kalamu. Nilipomjibu, "Mambo, mdogo wangu," aliurudisha mkono mfukoni akaenda zake.

Mwenyekiti alituitia watu ofisini. Walikuja wazee, kina mama na watoto. Wanaume wenye nguvu zao hawakuwepo. Agosti ni msimu, na msimu ukiingia kila mwenye miguu yuko njiani kuelekea Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mzigo wa mgeni kichwani. Wapagazi hao wenyewe hujiita wagumu.

Bibi mmoja alikuwa amekaa mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Akachukua jaketi la juu, akapapasa bitana kwa vidole viwili kama anayepima khanga dukani, akalinusa. "Hili halizuii mvua," akasema, bila ubaya wowote. Akamtuma mjukuu nyumbani. Mtoto akarudi na jaketi jekundu la manyoya ya bata, jepesi, zipu nzima.

"Mzungu wa Uholanzi alimwachia baba yake waliposhuka. Mengine manne yako ndani."

Mwenzetu aliyekuwa amevaa sweta lililofumuka kiwikoni akaangalia pembeni.

Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sauti ndogo: "Sasa, bibi, tuwasaidie nini?"

"Mna nguvu? Mfongo umeziba."

Mfongo ni mfereji wa Wachaga. Maji hukingwa mtoni kule juu, yakatambaa ubavuni mwa mlima mpaka kwenye vihamba, kwenye migomba na kahawa. Zamani ukoo mzima ulitoka kuuzibua, na asiyetokea alitozwa faini. Sasa, bibi alisema, kijana yuko kambini mlimani, anatuma hela ya faini kwa simu, na hela haishiki jembe. Sikumwona akiwalaumu. Bei ya kahawa iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 2000, wengine wakang'oa mibuni. Ada za shule zingetoka wapi kama si mlimani?

Tulichimba siku mbili. Mzee mmoja aligoma dada zetu wasishike jembe, kwamba mfongo ni kazi ya wanaume. Bibi akamjibu kwa Kichaga, watu wakacheka, mzee akahamia kivulini. Sikutafsiriwa. Viganja vyangu vya Magomeni vilitoka malengelenge kabla ya saa nne.

Jioni ya pili maji yakaja. Yalitanguliza povu, majani makavu na chupa tupu ya plastiki, ndipo yakafuata yenyewe, mekundu, polepole, yakilamba tope tulilokanyaga. Bibi alivua kandambili akasimama ndani.

Majaketi tuliyauza soko la Memorial pale Moshi kwa hasara, tukawanunulia sepetu na toroli. Dar nikaanza kuwatumia wachangiaji picha. Mmoja, aliyetoa elfu ishirini, niliitumia simu yake picha ya mfongo umejaa maji, bibi katikati.

Akajibu: "Mbona majaketi siyaoni?"