Kipande kidogo kinachokula mwanga

Jana nimekaa na chipu moja mpaka macho yakaniuma, chipu yenyewe urefu milimita mbili tu, na ndani yake kuna leza ya nukta za kwanta, yaani vijilima vya indiamu asenaidi vilivyofukiwa ndani ya galiamu asenaidi (zote mbili ni nusu-kipitishi), upana nanomita kama 20, nanomita ikiwa sehemu ya bilioni ya mita, na kimo nanomita chache.

Sasa leza ya namna hii ina modi nyingi, rangi zilizokaribiana sana, na ukiiacha hivi hivi kila modi inaenda kivyake. Ni kama watu wanavuta kamba kila mtu kwa wakati wake, jasho linatoka mzigo hausogei. Wakivuta pamoja ndo unaona nguvu yao. Modi zikifungwa pamoja mwanga unaacha kutiririka, unatoka kwa mapigo mafupi ya pikosekunde chache (pikosekunde ni sehemu ya trilioni ya sekunde), na mwaka 2005 watafiti walishafika kwenye femtosekunde kama 400, yaani chini ya nusu ya pikosekunde.

Ninachokipenda ni kwamba hakuna mtu wa kuita "haya, vuta!", hakuna mdundo wa umeme unaoletwa kutoka nje. Chipu inagawanywa mara mbili, kipande kirefu unakipa mkondo kinazalisha mwanga, kile kifupi unakipa volti za kinyume kinakula mwanga. Mwanga hafifu ukifika unamezwa wote, mwanga mkali ukifika kipande kinashiba kinaachia kilele kipite, alafu kinapona haraka na kinameza tena chochote kinachofuata nyuma. Basi pigo linakwenda kwenye kioo cha mwisho wa chipu linarudi, kila mzunguko linachongwa kidogo, na kwa milimita mbili hiyo mizunguko ni kama bilioni 20 kwa sekunde!

Na kwa nini nukta? Watafiti wa Japani, Arakawa na Sakaki, walipopendekeza wazo la leza za nukta mwaka 1982 hesabu ilikuwa ya nukta zinazofanana, ila zikikuzwa kweli hazilingani, nyingine kubwa nyingine ndogo, kila moja na rangi yake. Kwa matumizi mengine hiyo ni kasoro kubwa, lakini kwa mapigo ni neema, maana ukitaka pigo fupi lazima uwe na rangi nyingi na hapa zimekuja zenyewe.

Mi jana nilianza na volti kidogo kwenye kile kipande kifupi. Kwenye skrini ya kipima masafa, karibu na gigahezi 20, yaani ile mizunguko bilioni 20 kwa sekunde, kulikuwa na kichuguu kinene na vingine viwili pembeni, maana yake mapigo yanapanda na kushuka nguvu, hayajatulia. Nikaongeza volti taratibu, vya pembeni vikazama, kile cha kati kikakonda, kikakonda, mpaka kikasimama kama sindano. Nikajaribu kuongeza mkondo ili nipate mwanga zaidi, mapigo yakaanza kunenepa, nikarudisha. Nimeiacha hapo hapo, sijagusa kitufe tena mpaka naondoka.