Jumamosi Yangu Kibuye: Spika Nne, Omu Mbili

Saa 12:40 asubuhi

Jumamosi ndiyo siku yangu nzito. Usiku bendi zinapiga, kesho makanisa yanasifu, na kila mwenye spika inayokoroma hunikumbuka Jumamosi hiyohiyo. Natoka Manyatta kwa miguu kwenda kibandani kwangu, soko la Kibuye hapa Kisumu, jua likiwa bado pole. Mita ya kupimia umeme imo kwenye begi pamoja na betri ya volti 9. Vitu vingine vyote hulala kibandani, lakini hivyo viwili narudi navyo nyumbani kila jioni.

Saa 1:30

Kijana ninayemfundisha amekwisha kufagia. Kazi ya kwanza ni waya wa maikrofoni wa kanisa, umekatika palepale unapokatikaga, kwenye shingo ya plagi. Dakika kumi, umeondoka.

Saa 3:00

Tuktuk inasimama mlangoni, na anayeshuka ni mpiga gita wa benga, muziki wetu wa Kijaluo, ninayemfahamu siku nyingi. Macho mekundu, hajalala.

"Omera fundi, jana tulikuwa Ahero. Amplifaya imezima mara tatu. Ikipoa inarudi, tukipandisha moto inazima tena."

Ameleta vyote, amplifaya ya transista na boksi la spika nne za inchi 12. Kabla sijagusa skrubu hata moja, naweka nyaya za mita kwenye jeki ya boksi, lile tundu la kuchomekea waya. Inasoma omu 1.6; omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme. Kibandiko cha nyuma kinasema 8.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapopotea. Spika ya omu 8 ukiipima kwa mita haikupi 8. Hukupa 6 na kitu, kwa sababu mita inapima waya wa koili tu kwa umeme mdogo wa betri. Ile 8 iliyoandikwa ni impedansi, yaani ukinzani ambao amplifaya inakutana nao muziki ukipita, nao hupanda na kushuka kulingana na noti. Spika za aina hii nimezipima nyingi na husoma kama 6.4. Gawanya kwa 4, unapata 1.6. Kwa hiyo nilijua kilichomo ndani kabla ya kufungua: spika zote nne zimefungwa paraleli, chanya zote pamoja, hasi zote pamoja. Impedansi yake ni omu 2.

Amplifaya yenyewe imeandikwa mgongoni wati 100 kwa omu 4, na isipewe chini ya hapo. Hesabu yake si ngumu. Chukua volti 20 zinazotoka. Kwenye omu 8 zinasukuma ampea 2.5, ambazo ni wati 50. Kwenye omu 4 ni ampea 5, wati 100. Kwenye omu 2 ni ampea 10, na hapo transista zinadaiwa mkondo mara mbili ya ule zilioundiwa. Zinachemka, kinga ya joto inakata, ukumbi unanyamaza. Bila ile kinga zingeungua usiku wa kwanza.

Aliyelifunga boksi hili alitaka kuongeza sauti. Hilo linaniudhi kwa kweli. Alilipwa, akaondoka, na kibandiko cha 8 akakiacha palepale kiendelee kudanganya watu.

Tunafungua. Natoa nyaya zote kwenye spika, kisha nashika betri. Chanya kwenye chanya, hasi kwenye hasi, naigusisha mara moja tu huku vidole vya mkono wa pili vikiwa juu ya karatasi ya spika. Ya kwanza inaruka mbele, tup. Ya pili vilevile, na ya tatu. Ya nne inanywea ndani. Hii ndiyo iliyowahi kubadilishwa, na alama yake nyekundu iko upande usio wake. Wenzake wakisukuma hewa, yenyewe inavuta, na noti nene za gita zinamezana humohumo ndani ya boksi. Namwita kijana aweke kidole naye asikie, kwa sababu kwa macho unaweza kukosa. Kisha naweka alama mpya kwa kalamu ya wino mzito.

Kufunga nampa yeye. Kutoka jeki, chanya inaenda chanya ya spika ya kwanza. Hasi ya kwanza inaunganishwa na chanya ya pili. Hasi ya pili inarudi jeki. Hiyo ni sirizi, 8 na 8, jumla 16. Spika ya tatu na ya nne vivyo hivyo, 16 nyingine. Jozi zote mbili zinakutana paraleli kwenye jeki. Analehemu polepole, anangoja kiungo king'ae kabla ya kuondoa chuma, nami naridhika. Anapima.

"Mzee, mbona inasoma 6.4? Si spika ni nne?"

"Hesabu."

Anahesabu kwa midomo. Mbili za 6.4 ni 12.8. Jozi mbili paraleli, nusu yake. Anacheka peke yake. Huwa napenda sana dakika hiyo.

Mpiga gita ana hofu nyingine. "Sasa si sauti itapungua?"

Namwambia ukweli. Kwenye omu 8 amplifaya yake itatoa karibu nusu ya zile wati 100. Lakini nusu ya wati ni kushuka desibeli 3 tu (kipimo cha ukubwa wa sauti), na sikio halizisikii kama nusu ya sauti, ni kushuka kidogo. Akipata boksi la pili la omu 8 ayafunge mawili paraleli, atafika 4 kamili bila kuvunja sheria. Tena nimeutupa waya aliokuwa akiunganishia. Ulikuwa waya wa gita, ndani una uzi mmoja mwembamba uliozungushiwa wavu. Huo hubeba mawimbi madogo ya gita, haukuundiwa ampea. Namkatia waya wa nyuzi mbili, milimita za mraba 1.5.

Saa 7:20 mchana

Ugali na omena. Stima imepotea.

Saa 8:30

Mzee mmoja aliyepiga gita enzi zake ameleta Fender Twin Reverb, amplifaya ya valvu, yaani zile taa za kioo zinazofanya kazi ya transista. Nainuka kuipokea kwa mikono miwili, na si kwa uzito wake tu. Ina spika mbili za omu 8 zilizofungwa paraleli, 4, na transfoma yake ya kutolea sauti ilitengenezewa hiyo 4.

Valvu zina sheria yake. Transista huogopa omu chache mno. Valvu huogopa pia kukosa spika kabisa. Transfoma yenye mizunguko 20 kwa 1 huzidisha ukinzani mara 400, hivyo omu 4 za spika zinaonekana kwa valvu kama 1,600. Ukichomoa spika na muziki unapita, volti hupanda ndani ya transfoma mpaka cheche ziruke na kutoboa insulesheni. Nilipokuwa mwanafunzi niliwahi kuwasha amplifaya ya mteja namna hiyo, nikapiga gita kwa nguvu nikishangaa ukimya. Transfoma iliungua na niliilipa kwa miezi. Hivyo namwomba mzee aiache mpaka Jumatatu, nisiiguse kwa haraka.

Saa 10:15 jioni

Stima imerudi. Mpiga gita anachomeka, anaanza zile noti za juu za benga zinazokimbizana, na watu wa soko wanageuza vichwa. Nusu saa nzima, sauti juu. Kiganja changu kiko kwenye bati la kupoozea transista. Lina joto la chai iliyokaa, basi.

Saa 11:40

Nimebandua kibandiko cha zamani. Mahali pake naandika kwa wino mzito: *OMU 8. MITA 6.4. SPIKA 4, SIRIZI-PARALELI*, na tarehe ya leo. Tunalibeba wanne hadi kwenye tuktuk. Leo wanapiga Kondele.