Rolex ya Barafu

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya baridi kwa zaidi ya miaka 10, kwanza Mwanza alikozaliwa, kisha Jinja alikotulea, na kwa miaka 20 iliyofuata hakugusa hata friji ya nyumbani kwetu. Ilipoharibika alimwita fundi mwingine, akamlipa alichotaka, akaketi barazani na redio yake mpaka kazi ikaisha. Sisi watoto tuliizoea tabia hiyo kama watu wanavyouzoea mlango usiofunga sawasawa, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza sababu.

Jumamosi ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya Januari 2019. Baba alikuwa amekuja Kampala kupimwa macho, akafikia kwangu Kansanga, na tuliporudi kutoka kliniki jua la saa nane lilikuwa limesimama juu ya barabara ya Ggaba kana kwamba halina mahali pengine pa kwenda. Januari huku kwetu ni kiangazi, na vumbi jekundu la vichochoro hupanda likatua juu ya kila kitu, kuanzia majani ya migomba hadi vioo vya maduka. Binti yangu, wakati huo akiwa na miaka saba, alikuwa amevumilia foleni ya kliniki tangu asubuhi kwa ahadi moja tu, nayo ni kwamba tukirudi tutapitia kwenye duka la aiskrimu ya kuviringisha, lililofunguliwa mwezi uliotangulia karibu na chuo kikuu, mita chache kutoka kituo cha bodaboda.

Lilikuwa duka la chumba kimoja, viti sita vya plastiki, kaunta, na mashine yenye bamba la duara la chuma linalong'aa, pana kama sinia la pilau. Wauzaji walikuwa wawili, ila mmoja alikuwa ametoka kununua maziwa, na aliyebaki alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Alipotusikia tukizungumza Kiswahili aliacha Kiganda chake mara moja, akatuambia kwamba yeye alikulia katika kambi ya polisi ya Nsambya, na kule Kiswahili ndicho walichochezea mpira. Baba alifurahi. Wapo watu wengi Kampala ambao ukiwaamkia kwa Kiswahili hukutazama kana kwamba umekuja kuwakamata.

Kwenye ukuta palikuwa na bango lililoeleza kwamba aiskrimu ya namna hii ilianzia Thailand, ambako wachuuzi huitengeneza barabarani mbele ya mteja, na kwamba jina lake la huko lina maana ya aiskrimu ya kukaangwa. Baba alilisoma bango lote, maana miwani ilikuwa mpya, kisha akasoma bei, shilingi 10,000 kwa kikombe, akanigeukia.

"Mama, kwa pesa hiyo si ningekula rolex tano?"

Kijana akacheka, akamjibu kwamba hata hii ni rolex, ila ni rolex ya barafu. Na kweli, ukiwa umekulia Uganda, ambako rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, ndiyo kifungua kinywa cha mwanafunzi, chakula cha mchana cha fundi na chajio cha mlinzi, huwezi kushangaa sana kuona mtu anaviringisha kitu juu ya bamba. Kinachokushangaza ni kwamba bamba lenyewe halina moto.

Binti yangu alichagua ya ndizi na karanga. Hapa niseme kwamba Kampala neno ndizi ni la zile ndogo tamu peke yake. Zile ndefu ni bogoya na za kupika ni matooke, na mgeni anayetuma mtoto sokoni bila kuelewa hayo atakula asichokitarajia. Kijana alimenya ndizi mbili, akazikata juu ya bamba, akamimina kutoka kwenye chupa mchanganyiko wa maziwa, krimu na sukari, halafu akashika vikwanguo viwili vya chuma, bapa kama vile vya wapaka rangi, akaanza kuzikatakata na kuzipondaponda kwa mlio wa haraka uliomfanya binti yangu apande juu ya kiti ili aone vizuri. Kwa kawaida, dakika moja au mbili zinatosha mchanganyiko kuwa mzito, kisha hutandazwa ukawa utando mwembamba, na kikwanguo kikiusukuma kwa mlalo unajikunja wenyewe kama mkeka. Siku ile haukujikunja. Ulibaki uji. Kijana aliusukuma, ukajikusanya mbele ya chuma kama tope mbele ya jembe, akaukomba wote akautia bakulini, akafuta bamba, akaanza upya. Mara ya pili ikawa vilevile. Wanafunzi wawili waliokuwa nyuma yetu wakatazamana. Mmoja akaenda zake.

"Leo mashine inasumbua," kijana akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. "Tangu juzi."

Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, jicho moja amelifumba, sura ambayo sikuwa nimeiona tangu nikiwa mtoto mdogo.

"Kompresa yako haipumziki," akasema.

Kijana hakuelewa. Baba akamweleza kwamba mashine ya baridi ikishafikia kiwango ilichopangiwa hujizima kidogo, ikapumua, ikawaka tena. Hii ilikuwa ikilia mfululizo tangu tulipoingia, na maana yake ni kwamba inatafuta baridi ambayo haiipati. Kisha akainuka, akazunguka kaunta bila kuomba ruhusa, jambo ambalo si la kawaida yake hata kidogo, akapitisha mkono nyuma ya mashine. Aliutoa upesi.

"Unaipumuzisha ukutani. Njoo uweke mkono hapa."

Alikuwa anamwambia mjukuu wake. Binti yangu akashuka kitini, akaenda, akaweka kiganja chake mahali alipoonyeshwa, akakitoa akipiga kelele kwamba ni moto. Hapo baba akachuchumaa mpaka wakawa kimo kimoja, akamwambia maneno ambayo mimi, mtoto wa fundi, sikuwahi kuambiwa: kwamba hakuna mashine duniani inayotengeneza baridi, mashine huchukua joto mahali pamoja ikalitupa mahali pengine, na ikikosa mahali pa kulitupa, kazi yake imekwisha. Gesi iliyomo ndani ya mabomba inabanwa na kompresa, ikibanwa inapata joto, joto linatolewa nje na feni, kisha gesi inaachiwa itanuke chini ya bamba na hapo ndipo inapoyanyonya maziwa joto lake.

"Kwa hiyo hili joto lilikuwa la aiskrimu yangu?" mtoto akauliza.

"Lako kabisa."

Mashine ilikuwa imesukumwa mpaka ukutani ili viti sita vienee. Baba alimwagiza kijana aizime, achomoe waya, wakaivuta pamoja. Kifuniko cha wavu cha nyuma kilifunguliwa kwa sarafu ya shilingi 200, na nyuma yake vipezi vyembamba vya kondensa, sehemu ya kutolea joto, havikuonekana hata kimoja. Vilikuwa vimefunikwa na vumbi jekundu lililoshikana na mafuta ya rolex kutoka kwa jirani, zito kama blanketi. Kijana alikimbia duka la vifaa vya ujenzi lililokuwa mlango wa tatu, akaazima brashi ya rangi, na baba akaanza kupiga vile vipezi kutoka juu kwenda chini, polepole, kwa kufuata mistari yake, bila kuikatiza, maana alisema vinapinda kwa kuguswa tu. Vumbi lilianguka kwa vipande. Shati lake la kliniki, jeupe, lililopigwa pasi na mama Jinja, sitalielezea.

Kazi ilipokwisha kijana alinyoosha mkono achomeke waya. Baba akamshika kifundo cha mkono.

"Dakika tano."

"Mzee, wateja wanangoja."

"Gesi bado imebanwa upande mmoja. Ukiiwasha sasa kompresa itaanza kusukuma mlima. Ngoja itulie."

Akatazama saa yake, na kwa kuwa dakika tano ni nyingi watu wakiwa wamesimama bila kazi, binti yangu akaukamata mkono wake wa kushoto na kuuliza kuhusu kovu. Sote tulilijua. Lilikuwa katikati ya kiganja, laini, lisilo na mistari, pana kama kifuniko cha soda. Tulipokuwa wadogo alituambia aliungua, na tukaamini kwamba ni birika au jiko, hata kaka yangu mkubwa alikuwa na hadithi yake ya pasi ya mkaa.

Baba alieleza kwamba katika kiwanda cha samaki cha Masese alichofanyia kazi kuanzia mwaka 1993, minofu ya sangara, ambaye hapa Uganda huitwa mputa, ilipangwa katika masanduku mapana yasiyo na kina na kubanwa katikati ya mabamba ya chuma yaliyo wazi kwa ndani, na ndani humo ikapitishwa amonia mpaka mabamba yakafika nyuzi 35 au zaidi chini ya sifuri. Sababu ya kubana hivyo ni ileile ya bamba la kijana huyu: kitu chembamba kikigusa chuma baridi huganda haraka, na kikiganda haraka chembe zake za barafu hubaki ndogo. Samaki akigandishwa polepole chembe hukua, zikatoboa nyama, na siku akiyeyushwa jikoni kwa mtu Ulaya hutoa maji akabaki kama sponji. Aiskrimu nayo ikigandishwa polepole husagika mdomoni kama mchanga. Usiku mmoja bamba moja lilikwama, yeye akavua glavu ili afungue nati iliyokuwa ndogo, mkono ukiwa na unyevu, akajishikiza kwa kiganja. Kiganja kikabaki pale. Wenzake walipomwagia maji, ngozi ilikuwa imekwisha amua kukaa na bamba.

"Lakini ulituambia uliungua," nikasema.

"Niliungua. Sikuwaambia moto."

Alisema hivyo bila kucheka, akatazama tena saa. Kisha, kana kwamba ni sehemu ya hesabu ya zile dakika, akaongeza kwamba kidonda kilipona kwa miezi miwili na akarudi kazini palepale, kwenye bamba lilelile, na hakuona tabu. Mwaka 1999, Ulaya ilipofunga soko lake kwa samaki wa ziwa letu kwa sababu ya wavuvi waliotumia sumu, kiwanda kiliwaambia mafundi waende nyumbani wangoje kuitwa. Soko lilifunguliwa tena. Mitambo iliwashwa tena, na yeye aliweza kuisikia akiwa barabarani, maana Masese si mbali na tulipokuwa tukiishi. Hakuitwa. Akaanza kuuza mitumba, na hayo mengine nilikuwepo.

Dakika tano zikatimia. Kijana akachomeka waya, mashine ikiwa imeachiwa nafasi ya shubiri mbili kutoka ukutani na kiti kimoja kikiwa kimetolewa nje. Tulisimama wote, hata yule mwanafunzi aliyebaki, tukilitazama bamba kama watu wanaosubiri mwezi wa Ramadhani. Kwa muda hakukuwa na lolote. Kisha pembeni, upande wa kushoto, chuma kikapoteza mng'ao, kama kioo kilichopumuliwa, weupe ukaenea kuelekea katikati, na kompresa ikanyamaza. Baba aliinua kidole. Baada ya kitambo ikawaka tena yenyewe.

Safari hii mchanganyiko uliganda kabla kijana hajamaliza kukatakata. Aliutandaza kwa mkono wa mtu aliyepata tena heshima yake, akausukuma kwa mlalo, na utando ukainuka ukajikunja, wa kwanza ukapasuka kidogo, wa pili ukatoka mzima, wa tatu, wa nne, vyote akavisimamisha kikombeni kama mishumaa na kuvinyunyizia karanga zilizotwangwa. Kikombe cha pili alimpa baba. Alikataa pesa, baba akakataa kukataliwa, wakavutana mpaka noti ya 20,000 ikabaki kaunta bila mwenyewe na mimi nikalazimika kuisukuma chini ya chupa ya krimu.

Baba alikula taratibu, amesimama, akianza na ule uliopasuka. Alipomaliza alikwangua kikombe kwa kijiko cha plastiki mpaka mtoto akamtazama.

"Sukari imezidi," akamwambia kijana. "Si kwa utamu tu. Sukari nyingi inachelewesha kuganda, na wewe una mashine ndogo. Punguza kidogo uone."

Kijana akaandika jambo hilo kwenye kipande cha boksi.

Brashi aliirudisha baba mwenyewe kwenye duka la vifaa, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kurudisha brashi, na alipotoka alikuwa amenunua nyingine mpya, bado na karatasi yake. Sikuuliza ni ya nini. Tulipanda kichochoro hadi nyumbani, mtoto akiwa katikati yetu, mdomo wake ukiwa na karanga. Baba aliingia bila kuvua viatu, akapita sebuleni, akaingia jikoni, nami nikasikia miguu ya friji yangu ikikwaruza sakafu.

"Mama," akaita kutoka huko, "hii umeisukumia ukutani tangu lini?"