Huyu ni wa Waziri

Juzi tulikuwa tunachambua maharage, mwanangu akaniuliza: "Mama, mjomba alifungwa miaka mingapi?" Nikamwambia hakufungwa. Akanikata jicho.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mahakama Kuu ya Uganda ilikubali kwamba kaka alipoichoma ile nyumba alikuwa mgonjwa wa akili, hivyo hana hatia. Mama alipiga vigelegele mpaka akanyamazishwa. Kisha wakamrudisha kaka gerezani kulekule.

Baadaye tukaenda kumpelekea sukari na sabuni. Mama akamwomba askari wa mapokezi amwangalizie kijana wake anatoka lini. Yule bwana akafungua buku lililofunikwa kwa gazeti, akashusha kidole polepole, kucha imepasuka: jina, kosa, tarehe ya kutoka, jina, kosa, tarehe ya kutoka. Hata wezi wa ng'ombe walikuwa na tarehe zao. Kidole kikafika kwa kaka, kikasimama.

"Huyu ni wa Waziri, mama."

"Waziri gani, mwanangu? Anakaa wapi tumpelekee hata kuku?"

Askari akacheka, halafu akaona mama hatanii. Akaeleza kwa upole, Kiswahili chake kile cha kambini, kwamba aliyekutwa hana hatia kwa sababu ya ugonjwa hukaa ndani hadi Waziri wa Sheria atoe amri. Faili liko Kampala. Mama akauliza kama Waziri anajua kwamba linamngoja. Askari akafunga buku na kuomba tuwapishe wengine.

Mengine yalikuja bila sisi. Mwaka 2015 Mahakama Kuu, katika kesi ya Bushoborozi Eric, ilisema uamuzi wa namna hiyo ni wa mahakama, si wa Waziri. Bunge nalo likapitisha Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, ile ya 1964 ikastaafu (na ilikuwa imeshazeeka mno). Kaka alitoka kwa amri ya jaji.

Mimi nahesabu huo ni ushindi. Shemeji yangu, karani wa mahakama, hataki kusikia. Anasema jaji naye ana rundo la mafaili, na la mtu asiye na ndugu wa kulifuatilia hukaa chini kabisa. Tumebishana hivyo sikukuu mbili tatu sasa. Kaka huwa yupo, anakula pilau yake, wala hatuingilii.